Tumbo la mtoto wangu halitulii: nianze na lipi?

SWALI

Pokea salamu zangu, Sista. Mimi ni mama wa watoto watatu na tunaishi Kayole, Nairobi. Wakubwa wawili wako shule na hawana neno. Anayeninyima usingizi ni kitinda mimba wangu, mvulana wa mwaka mmoja na miezi mitano. Tangu aanze kutambaa haupiti mwezi bila tumbo lake kuendesha. Anaendesha siku tatu au nne, anapoa, anaanza kuchangamka, kisha linarudi. Juzi nilimpima, akapatikana na kilo 8.9. Nikafungua kijitabu cha kliniki nikaona kwamba alipodungwa sindano ya surua akiwa na miezi tisa alikuwa kilo 8.6. Hatujarudi kliniki tangu siku hiyo kwa sababu ya kazi.

Nimeajiriwa katika duka mjini. Natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri na kurudi saa moja na nusu usiku. Namnyonyesha usiku na kabla ya kutoka. Mchana anashinda na dada anayenisaidia. Asubuhi dada hupika uji, anautia kwenye themosi, na kumpa kwa chupa ya kunyonya hadi jioni. Unga nausagisha mwenyewe, nimechanganya wimbi, mtama, mahindi, mchele, soya, njugu karanga, terere na omena ili asikose kitu.

Maji ya mfereji tunayapata Alhamisi na Jumapili. Tunajaza mitungi na pipa. Yakiisha tunanunua ya mkokoteni. Ya kunywa tunayaweka kwenye ndoo yenye kifuniko na kuchota kwa jagi.

Kila akianza kuendesha nakimbilia kemisti. Wananipa dawa ya antibayotiki ya kukoroga na nyingine ya kufunga tumbo. Mama mkwe, ambaye amekuja kutoka Murang'a kukaa nasi, anasema ni meno, na kwamba niache kunyonyesha kwa kuwa maziwa yakilala kifuani mchana kutwa yanaharibika. Mume wangu anataka tumnunulie mtoto maji ya chupa na dawa ya kuongeza hamu ya kula. Dada anasema ni minyoo. Kila mtu ana lake, na mimi naweza kutenga shilingi 500 tu kwa wiki. Nianze na lipi?

Mama wa Watatu, Kayole

JIBU

Mama wa Watatu, anza na themosi. Nakwambia hivyo kabla ya maji, kabla ya minyoo na kabla ya kitu chochote cha kununua, kwa sababu katika barua yako yote hiyo ndiyo njia iliyo wazi zaidi ya ugonjwa kumfikia mtoto, na kuifunga hakukugharimu hata shilingi moja.

Uji ukiwa motoni unatokota hauna shida. Shida huanza ukishaepuliwa. Bakteria wanaoleta maradhi ya tumbo hustawi kwenye chakula chenye joto la kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60, na themosi ya kawaida inayofunguliwa kila mara haidumu juu ya nyuzi 60 mchana kutwa. Kufikia adhuhuri uji wa dada umekuwa vuguvugu, na unabaki hivyo hadi jioni. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye hupatikana sana kwenye nafaka. Hujifungia ndani ya ganda gumu kama mbegu, na ganda hilo huvumilia moto wa kupikia. Uji ukianza kupoa anaamka na kuzaana, na aina nyingine zake hutoa sumu ambayo haiondoki hata ukiupasha uji tena. Kwa hivyo kuuonja ukaona haujachacha, au kuurudisha jikoni, hakumkingi mtoto.

Sasa ongeza ile chupa. Najua jinsi tunavyofanya mitaani: tundu la chuchu linapanuliwa kwa wembe ili uji upite. Mabaki hushika shingoni mwa chupa na ndani ya chuchu, mahali ambapo brashi haifiki, na chupa inaoshwa haraka haraka kwa maji yaleyale ya ndoo. Mtoto wa miezi 17 hahitaji chupa ya kunyonya hata kidogo. Mpe kikombe na kijiko. Atamwaga, atajipaka usoni, na baada ya wiki moja au mbili atakuwa amezoea. Hiyo chupa itupe leo.

Themosi yenyewe usiitupe. Asubuhi ijaze maji yanayotokota. Dada akitaka kupika uji wa saa nne, akoroge unga kwa maji kidogo yaliyochemshwa kwenye sufuria ndogo, amimine maji moto ya themosi, kisha auchemshe kwa dakika kama kumi. Gesi haitatumika sana kwa kuwa maji tayari yana moto, na atakuwa anapika kikombe kimoja kwa wakati mmoja. Mtoto akishiba, kinachobaki dada akinywe mwenyewe au akimwage. Kisiwekwe cha baadaye.

Nikija kwa maji, sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, kwa mama mkwe wako, na husafishwa kwa klorini huko Ng'ethu kabla ya kuteremshwa jijini. Yakitoka pale ni maji mazuri. Lakini mfereji unaotoa maji siku mbili kwa wiki una hatari yake: maji yakikatika, msukumo ndani ya bomba huisha, na bomba lililopasuka au kuungwa vibaya huvuta uchafu ulio kandokando yake, ambao mitaani kwetu mara nyingi ni maji ya mtaro. Maji yakirudi, yale ya kwanza ndiyo yanayousukuma uchafu huo hadi kwako. Kwa hivyo Alhamisi na Jumapili maji ya mwanzo yatie kwenye pipa la kufulia na kupigia deki. Mtungi wa maji ya kunywa ujaze wa mwisho.

Ya mkokoteni huwezi kujua yametoka wapi wala mtungi ulibeba nini jana. Yatibu kila mara, hata yakiwa meupe. Na ikiwa muuzaji anayatoa kwenye kisima cha kuchimbwa, jua kwamba visima vingi vya Nairobi vina madini mengi ya floridi, ambayo hutia meno ya watoto madoa ya kahawia yasiyotoka na ambayo kuchemsha hakuyaondoi. Hilo halihusiani na kuendesha, lakini una watoto watatu ambao meno yao ya ukubwani bado yanajijenga, basi maji hayo yawe ya kufulia kila unapoweza.

Usihangaike kutibu maji yote ya nyumba. Yanayohitaji kutibiwa ni ya kunywa, ya kuosha matunda, ya kusuuzia vyombo vya mtoto na ya kupigia mswaki. Kwa familia nzima tumia dawa ya maji ya klorini inayouzwa madukani. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au paketi na usubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi. Ya kitinda mimba yachemshe, kwa sababu kuna kimelea kiitwacho kriptosporidiamu ambacho klorini haikiwezi na ambacho huwapata zaidi watoto wa umri wake. Yakishaanza kutokota vizuri, dakika moja inatosha. Hapa Nairobi tuko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kwa hivyo maji huchemka yakiwa na nyuzi 94 au 95 hivi, lakini hata joto hilo linaua viini vyote vinavyohusika. Wanaoyachemsha dakika ishirini wanachoma gesi bure.

Kisha jagi. Unaweza kuyatibu maji asubuhi na kufikia saa nne yakawa yameharibika tena kwa sababu mkono umeingia ndani ya ndoo mara kadhaa. Hapo ndipo shilingi zako 500 za wiki ya kwanza ziende: nunua ndoo yenye koki, au mtungi wenye mdomo mwembamba ambao maji yake yanamiminwa bila kuchotwa. Mitungi uliyo nayo itie sabuni, kokoto ndogo na maji kidogo, uitikise kwa nguvu hadi ule utelezi wa ndani utoke, kisha uisuuze. Na kama ploti yenu ina tangi juu ya paa, wapangaji mwulizeni mwenye nyumba kwa pamoja lilioshwa lini mara ya mwisho. Mtu mmoja akiuliza anaonekana msumbufu. Mkiwa kumi atalipandia.

Maji ya chupa anayotaka mumeo si mabaya, ila kwa mfuko wenu hayana haja. Mtoto atakunywa maji ya dukani na bado atakula uji wa themosi.

Mikono ya dada nayo ni muhimu, lakini nakuomba uende naye taratibu. Usimwite ukamwambia amekuwa akimgonjesha mtoto. Alifundishwa na nani? Siku ya mapumziko pikeni uji pamoja, mwonyeshe unavyotaka. Weka sabuni mahali anapombadilishia mtoto nepi, si chooni peke yake, maana kutoka kwenye nepi hadi jikoni kwenu pengine ni hatua tatu. Watu wengi huamini kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara. Kina viini vilevile, na mtoto anayeendesha anavitoa kwa wingi. Kimwagwe chooni, nepi ifungwe na kutupwa, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Mikono ya mtoto pia ioshwe kabla ya kula, kwa kuwa anatambaa na kupapasa sakafu iliyokanyagwa na viatu vya nje. Na dada akiumwa tumbo asiogope kukwambia. Mwahidi kwamba siku hiyo hatapika na hutamkata mshahara. Akihofia pesa yake atanyamaza, na watoto wataugua.

Akianza kuendesha tena, usikimbilie ile antibayotiki ya kukoroga. Utafiti mkubwa uitwao GEMS, uliochapishwa mwaka 2013 na ambao eneo moja lake lilikuwa magharibi mwa Kenya, ulionyesha kwamba kuharisha kukali kwa watoto wadogo husababishwa zaidi na viini vinne, na viwili kati ya hivyo ni virusi vya rota na hicho kriptosporidiamu. Antibayotiki za kemisti haziponyi hata kimoja kati ya hivyo viwili. Mwanao amekuwa akipoa kwa sababu kuharisha kwingi huisha kwenyewe baada ya siku chache, dawa ikasifiwa bure. Wakati huohuo inaua bakteria wazuri wa tumbo na kuwazoesha wabaya, hadi siku atakayoihitaji kweli isimsaidie. Antibayotiki zina nafasi yake, kwa mfano akihara damu, lakini hiyo ni kazi ya daktari au muuguzi aliyempima. Ile ya kufunga tumbo iache kabisa. Kwa mtoto mdogo inaweza kulifanya tumbo lisimame na kuvimba, na maradhi yanabaki ndani.

Kinachomuua mtoto anayehara ni kupoteza maji na chumvi. Kwa hivyo dawa yake ni ORS, ile poda ya chumvi na sukari inayochanganywa na maji, pamoja na vidonge vya zinki, na vyote viwili hupatikana zahanati na kemisti. Nunua leo uviweke ndani ya nyumba, usisubiri augue saa nane usiku. Soma paketi, kwa sababu nyingine ni za nusu lita na nyingine za lita nzima, na ukikosea kipimo unampa chumvi nyingi au kidogo mno. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa. Kwa umri wake, kila anapoenda haja laini mpe kati ya mililita 50 na 100, yaani robo kikombe hadi karibu nusu kikombe. Akitapika, subiri dakika kumi kisha endelea kwa kijiko, polepole. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Paketi zikiwa zimekwisha, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, ukoroge. Soda na juisi za paketi usimpe, sukari yake huzidisha kuhara.

Zinki ni miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Akina mama wengi huacha siku ya tatu wakiona kinyesi kimeshika. Usiache. Hizo siku zilizobaki ndizo zinazosaidia ukuta wa utumbo upone na kumpunguzia uwezekano wa kuhara tena katika miezi inayofuata, na wewe shida yako kubwa ni huku kurudi kila mwezi.

Mpeleke hospitali bila kungoja kuche ukiona macho yamebonyea, hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea au haamki vizuri, ana degedege, kuna damu kwenye kinyesi, hajakojoa kwa saa nyingi, au ngozi ya tumbo ukiivuta kwa vidole inarudi polepole. Dalili moja tu kati ya hizo inatosha.

Sasa mama mkwe. Yuko sawa kwamba meno yanakuja. Meno huanza kuota karibu miezi sita, na wakati huohuo mtoto anaanza vyakula, anatambaa, anatia kila kitu mdomoni, na ile kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwako inaisha. Mambo haya hukutana, lawama ikaangukia jino. Jino huwasha fizi na kuleta udenda, haliharishi. Mtu yeyote akikushauri umpeleke kwa mganga achimbe fizi, kataa. Wapo watoto waliopoteza damu nyingi au kuambukizwa kwa njia hiyo.

Kuhusu maziwa yako, hayaharibiki kifuani. Hayalali, hayachachi, hayapatwi na jua wala uchovu wa kazi. Yana kinga dhidi ya viini vilevile vinavyomshambulia, na mtoto anayehara mara nyingi hukubali ziwa hata akikataa kila kitu kingine. Endelea usiku na alfajiri hadi atimize miaka miwili na zaidi mkipenda.

Ila usiende kwa mama mkwe kumwambia Sista amesema umekosea. Mtu aliyelea watoto wake hadi wakawa watu wazima hawezi kuambiwa hivyo nyumbani kwa mwanawe. Mwombe akufundishe uji mchachu wa zamani, ule wa unga uliolowekwa na kuchachushwa kabla ya kupikwa. Uchachu huo huzuia bakteria wengi kustawi na hupunguza vile vitu kwenye nafaka vinavyozuia madini kuingia mwilini. Hapo ana ujuzi ambao wewe na mimi tunauhitaji. Mwombe pia yeye na dada wampeleke mtoto kliniki siku ambayo wewe huwezi kuacha kazi. Akiyasikia mambo ya kunyonyesha kutoka kwa muuguzi wa pale, itakuwa rahisi kwa kila mtu.

Unga wa vitu vinane uumalize ukitaka, lakini usisagishe mwingine. Najua uliuchanganya kwa mapenzi. Nafaka na soya zina fitati, ambayo hushika madini ya chuma na zinki yasifyonzwe, na kuongeza nafaka juu ya nafaka hakumletei kirutubisho kipya cha maana. Soya isiyopikwa vizuri husumbua tumbo. Njugu na omena zikishasagwa, mafuta yake huharibika upesi. La kunitia hofu zaidi ni ukungu, kwa kuwa njugu na mahindi yaliyopata unyevu hushika sumu ya aflatoksini, na kupika hakuitoi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliwagonjesha watu 317 Ukambani, hasa Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Chagua wimbi peke yake, au wimbi na mahindi uliyoyachagua kwa macho yako. Njugu zinunue nzima, tupa zilizosinyaa na zenye rangi ya ajabu, kaanga, twanga kidogo kidogo na utie kijiko kwenye uji.

Na uji usiwe maji. Tumbo la mtoto wa kilo tisa linajaa kwa kikombe kimoja hivi, basi ukilijaza uji mwepesi atakuwa ameshiba maji. Uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko. Hata hivyo, kwa umri wake uji ni kiamsha kinywa tu au cha kati ya milo. Anapaswa kula chakula cha nyumbani mara tatu au nne kwa siku, robo tatu ya bakuli hadi bakuli zima, na kitu kidogo katikati kama ndizi au avokado. Ugali au viazi, na kando yake maharagwe au ndengu zilizopondwa, omena zilizosagwa baada ya kukaangwa, maini mara moja kwa wiki, terere au managu. Yai kila siku ukiweza. Sukuma wiki inunue ikiwa haijakatwa, ioshe kwanza, ndipo uikate. Mama mboga hukata nyingi asubuhi na maji yake ya kuosha huyajui. Chai usimpe na chakula, inazuia madini ya chuma.

Akitoka kuugua mwongezee mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili. Wengi hufanya kinyume, wanampumzisha tumbo, na ndipo uzito unapopotea moja kwa moja.

Minyoo: mpeni dawa kliniki, ametimiza umri wa kupewa kila miezi sita. Ila minyoo si maelezo ya kuhara kwa kila mwezi, na dada asidhani kidonge kimemaliza kazi.

Nimeacha uzito nyuma lakini ndio unaonihangaisha zaidi. Gramu 300 kwa miezi minane ni kidogo mno. Mtoto wa umri wake angeongeza kilo moja na nusu au zaidi. Hajafika pabaya, ila mstari wake kwenye kijitabu umelala, na kuhara kunakorudirudi ndiko kunakowafanya watoto wabaki wafupi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulipata asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ilhali mwaka 2014 walikuwa asilimia 26. Kwa hivyo hili linazuilika, na kwake bado kuna muda.

Aende kliniki wiki hii. Apimwe uzito, urefu na mkono kwa ule utepe wa rangi. Chini ya sentimita 12.5 ni manjano, chini ya 11.5 ni nyekundu, na kwa zote mbili anahitaji matibabu ya lishe na kufuatiliwa. Amekosa vitamini A ya mwaka mmoja, aipate sasa. Sindano ya pili ya surua na rubella inafika akiwa na miezi 18, mwezi ujao. Waulize pia chanjo ya homa ya matumbo, ambayo ilianza kutolewa nchini kwa kampeni ya Julai 2025 kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14, na kama wale wakubwa wawili hawakuipata wakati huo, uliza kama bado wanaweza kuipata. Kama bado hamjajiandikisha bima ya afya ya taifa ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, jiandikisheni mkiwa hapohapo. Mwulizie pia mhamasishaji wa afya ya jamii wa eneo lenu. Tangu 2023 wanapita nyumba kwa nyumba wakiwa na vifaa vyao, na anaweza kumwangalia mtoto mchana ukiwa kazini.

Ile dawa ya hamu ya kula msinunue. Nyingi zina siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta usingizi na isiyofaa mtoto wa chini ya miaka miwili. Hamu yake itarudi tumbo likitulia. Mwambie mumeo pesa hiyo anunue trei ya mayai, na jioni akifika nyumbani kabla yako, yeye ndiye amlishe mtoto.